Kamba ya Mzee Dery

Malvern, Johannesburg
Jumapili, 7 Septemba 2025

Papa Héri,

Yule mwanamke ni nani?

Usiniambie tena ni televisheni. Jana kwenye simu nilimsikia kwa masikio yangu, kwa Kiingereza: "Mtumwa, utarudi lini kwenu?" Na watu nyuma yake wakaangua kicheko. Wewe ukasema mtandao mbaya, ukakata. Héritière alikuwa kando yangu na madaftari yake, akasikia vilevile. Akaniuliza, hata huko kwa Papa hawatutaki?

Tulikubaliana pale Park Station siku unaondoka: kwa simu tudanganyane tunavyotaka, maana mtoto anasikia, lakini kwa barua tuseme ukweli. Ndiyo sababu nakuja hapa kwenye internet ya mtaani na kupapasa herufi kwa vidole viwili. Basi sema.

Miaka kumi na mmoja nilikuona unalinda magari ya watu na diploma yako ya ualimu iko chini ya godoro. Masista wa Ghana walipokuita ukafundishe Kifaransa, mimi ndiye niliyepiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Sijutii. Lakini sasa unataka tukufuate Januari. Fundi mwenzangu Chloé anataka kuzinunua mashine zangu mbili za kushona, na shule ya Héritière inataka jibu kabla ya Desemba. Nikishaziachia mashine sina pa kurudi. Mtoto ana miaka tisa, Gaston. Sitaki aruke majivu akanyage moto.

Nani anakuita mtumwa, na kwa nini watu wanacheka?

Mke wako,
Jeannine


Dapuori, kaskazini mwa Ghana
Jumamosi, 13 Septemba 2025

Mama Héri,

Haya, ukweli. Naandika kwenye kompyuta ya shule, wasichana wako nje wanafua sare.

Anaitwa Mama Apoka. Anauza vitunguu na samaki wakavu kwenye mlango wa soko, na njia ya shule inapita mbele ya meza yake. Unakumbuka Mzee Dery, aliyenipa chumba kwenye boma lake. Wiki ya pili aliwaita watu wote wa nyumba akanishika mkono akasema, huyu Monsieur sasa ni mtoto wangu. Nilikuandikia hilo kwa furaha. Ambalo sikuandika ni kwamba kesho yake asubuhi Mama Apoka alinisimamisha barabarani: "Wewe! Mtumwa wangu! Nani kakuruhusu kuvaa viatu?" Tangu siku hiyo hajapumzika. Nirudi kwetu lini. Nimekuja kula chakula cha watu. Wiki iliyopita alinivua kofia kichwani, akasema kichwa cha mtumwa hakihitaji kivuli, na mpaka leo anaivaa yeye.

Kinachonitisha si yeye. Ni kwamba watu wazima wamesimama pale, na mwalimu mwenzangu mmoja, wote wanacheka. Nilimshtakia Mzee Dery, na yeye akacheka mpaka akakohoa. Sasa nazunguka nyuma ya kanisa, nusu saa zaidi kwenye jua, nisimwone.

Wewe unajua ninachokumbuka. Ile siku ya Jules Street, mtaani kwetu Malvern, nayo ilianza na vicheko. Walimcheka jirani yetu Bakiri mbele ya spaza yake, kile kiduka cha sukari na mkate, wakamuuliza anarudi lini Burundi, na kufika saa sita wamemfunga kamba ya kuanikia nguo wanamburuta kwenye lami. Mimi nilikuwa ndani, nashikilia mlango wetu kwa mgongo. Sikutoka. Bakiri alipona, ndiyo, polisi walifika. Lakini mimi sikutoka, Jeannine.

Mbali na huyo mama, hapa ni pazuri. Wasichana wanasimama nikiingia darasani. Duka lako linaendeleaje? Hujaniambia lolote.

Gaston


Malvern, Johannesburg
Jumamosi, 27 Septemba 2025

Papa Héri,

Duka ni salama, nashona sare za kwaya. Héritière ni salama. Tusizungumze habari za duka.

Nimelia, nimeomba, nimeamua. Hatuji. Na wewe rudi. Mji mdogo kama huo, watu wote wanajuana, wakikugeukia utajificha wapi? Hapa angalau naijua mitaa, naijua sauti ya watu wabaya wakiwa bado mbali. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mazimwi yetu ni haya, ya huko hatuyajui.

Usiniambie habari za wasichana wanaosimama. Mtu anayevuliwa kofia leo, kesho atavuliwa nini?

Waambie masista mkeo mgonjwa. Si uongo sana.

Jeannine


Joubert Park
Alhamisi, 2 Oktoba 2025

Shemeji Gaston,

Habari za jua la huko? Mimi Kidawa, yule Mtanzania wa saluni, shoga wa mkeo. Email yako nimeitoa kwake kwa hila, usimwambie.

Juzi Jeannine kanisomea barua yako huku machozi yanamtiririka. Mimi nikacheka mpaka nikamwaga chai. Akanikasirikia siku nzima! Shemeji, wewe msomi mzima, nani kakwambia unachukiwa? Huo ni utani, baba. Utani! Mimi Mzaramo, watani zangu Wanyamwezi. Baba yangu alipofariki kule Kisarawe, mtani wetu mmoja alivaa koti la marehemu, akawa anatembea uwanjani kwa kuchechemea kama yeye, anadai wake zake. Kisha akaruka kaburini akagoma kutoka. Sisi tunalia na kucheka kwa pamoja, hatujui kipi kimeanza. Na hakuna wa kumgusa, maana mtani ana haki yake.

Hebu fikiri. Matusi yalianza lini? Kesho yake ya kufanywa mtoto wa mzee! Mzee na huyo mama ni watani, kabila kwa kabila, nakuapia. Ulivyoingia nyumba ya mzee umeingia na watani wake. Mgeni hatukanwi hivyo, shemeji. Mgeni anaitwa "sir". Sasa wewe unamkimbia mtani nyuma ya kanisa! Aibu. Mtani hakimbiwi, anajibiwa. Mwambie mtumwa ni yeye, tena mvivu, mbona hajafagia uwanja wako.

Kuhusu nyumbani usiwe na wasiwasi. Hapa kwangu padogo lakini tunaenea, Héritière nalala naye kitanda kimoja, amezoea. Tangu duka lifungwe mwezi wa nane Jeannine ananisaidia kusuka, mikono yake mizuri.

Msalimie mtani.

Kidawa


Dapuori
Jumamosi, 11 Oktoba 2025

Jeannine,

Kidawa ameniandikia. Usimgombeze, hakujua kwamba mimi sijui.

Kwanza nikupe hili, ulijue, halafu tuzungumze mengine. Jumatatu nilipita njia ya soko. Mama Apoka akaanza. Nikamwambia, kwa sauti ya darasani: "Mtumwa ni wewe, tena mvivu, uwanja wangu haujafagiwa tangu Jumapili!" Soko lote likanigeukia. Kisha yule mama akatupa mikono juu, akacheza, akaita wenzake waje wasikie. Kesho yake nimeamka namkuta mlangoni kwangu na ufagio. Alifagia hatua mbili, akaingia ndani akala wali wangu wote kama ujira, akaondoka. Mzee Dery alikuwa anajifuta machozi. Kofia hajarudisha.

Basi Kidawa alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa mjinga.

Sasa wewe. Duka limefungwa mwezi wa nane, na mwezi wa tisa unaniandikia "Malvern" juu ya barua. Unaniandikia sare za kwaya. Mimi nilificha mwanamke mwenye vitunguu, na ukanidai ukweli kama hakimu. Wewe umeficha nini?

Nina hasira, lakini zaidi ya hasira naogopa. Andika.

Gaston


Joubert Park
Jumamosi, 18 Oktoba 2025

Gaston,

Ni kweli, nilikudanganya. Kama ungejua ungepanda ndege siku ileile, na ualimu ungekufa, na lawama ningebeba mimi.

Tarehe ishirini mwezi wa nane walikuja wale wa maandamano ya kufukuza wageni, duka kwa duka. Waliniomba vibali nikawapa, hawakuvisoma. Walisema nifunge kabla ya saa tisa. Sikupigwa, hakuna kilichochomwa, mashine nimezihifadhi kwa Chloé, na kodi ya chumba iliponishinda tukahamia kwa Kidawa. Haya yote ningeweza kukuandikia.

Hili ndilo lililonishinda. Héritière alikuwa ametoka shule, amekaa kwenye kile kiti chake karibu na mashine. Mmoja wao akamwinamia, akamuuliza kwa Kizulu anatoka wapi. Mtoto akamjibu kwa Kizulu safi, hata mimi nilielewa. Akasema: mimi ni wa hapa hapa. Huyu mama ananishonea sare tu, namsubiri amalize.

Yule mtu akampapasa kichwa. Wakatoka. Mtoto akashika begi lake akatoka nyuma yao, akaenda kunisubiri kwenye robot ya pili, kule kwenye taa za magari, kama hanijui.

Simlaumu! Alifanya akili, pengine alituokoa wote wawili. Lakini tangu siku hiyo neno la Kiswahili halijatoka kinywani mwake. Nikimsemesha kwenye teksi iliyojaa abiria anageukia dirisha. Tukitembea anatangulia hatua kumi. Nyumbani ananiita Mama, njiani haniiti kitu.

Sasa unaniambia nimlete mahali ambapo baba yake anaitwa mtumwa sokoni, nimweleze kwamba hao wanacheza tu. Atajuaje tofauti? Wewe mwenyewe mtu mzima ulizunguka kanisa wiki kadhaa. Hata kama ni utani, Gaston, sisi hatuna tena sikio la utani. Limeungua.

Hatuji.

Jeannine


Dapuori
Jumapili, 2 Novemba 2025

Jeannine,

Haraka haraka. Mzee Dery amefariki jana mchana. Alikuwa ameketi na kibuyu chake cha pombe ya mtama, akainamisha kichwa, basi.

Watu wamejaa bomani, ngoma, marimba, maiti imekalishwa nje kwenye kiti kirefu. Mimi nimekaa na watoto wake. Asubuhi hii nimewaona wanaume wanakata kamba nyuma ya nyumba, vipande virefu. Mwalimu mwenzangu akaniambia, kama jambo la kawaida: hizo ni zenu, mtafungwa, na wewe pia Monsieur, wameshasema. Nikamuuliza kufungwa kwa kosa gani. Akaitwa, akaondoka.

Walikuwa wananitazama wakati wa kukata, kama wanaopima. Mzee alikuwa mzima juzi, na mimi ndiye mgeni niliyeongezwa kwenye nyumba yake mwaka huu. Huko kwetu unajua mambo kama haya yanavyosemwa: mgeni ndiye mchawi. Nani wa kumuuliza? Mtu ambaye ningemuuliza ndiye aliyekufa.

Utasema nimerudia ujinga. Labda. Lakini kamba, Jeannine. Nikiiona kamba namwona Bakiri.

Kuna gari la Kumasi kesho asubuhi. Nina begi moja. Simu haina mtandao tangu jana, nimekimbilia kompyuta ya shule. Mwambie mtoto Papa anampenda.

Gaston


Joubert Park
Jumatatu, 3 Novemba 2025

Gaston, uko wapi? Nimepiga mara arobaini. Uko kwenye gari? Kidawa amesoma barua yako, hakucheka. Anasema habari za kamba hazijui. Niandikie hata neno moja.

J.


Joubert Park
Alhamisi, 6 Novemba 2025

Leo siku ya nne. Nimewaandikia masista, hawajibu. Nimevurugika, nimemsuka mteja mistari imepinda na yeye amelipa zote kwa huruma. Héritière ameona uso wangu. Nimemwambia Papa hana mtandao.

Ulishikilia mlango kwa sababu mimi na mtoto tulikuwa ndani. Sikukuambia hili miaka yote nikidhani unajua. Kama ungetoka kwa Bakiri mimi leo ni mjane. Usibebe tena hilo jiwe. Popote ulipo, jibu.

Jeannine


Dapuori
Jumamosi, 8 Novemba 2025

Mke wangu,

Mimi mzima. Nisamehe siku hizi sita, mnara wa simu ulianguka na kompyuta za shule zilifungwa kwa ajili ya matanga.

Jumatatu nilifika kwenye gari la Kumasi. Nimeweka begi chini nipange mstari, nageuka, Mama Apoka amelikalia. Na kofia yangu kichwani. "Mtumwa," akasema, "baba amekufa, unaenda wapi?" Nikamwomba anyanyuke. Akasema kalio la bibi yako halinyanyuliwi na mtumwa. Dereva anacheka, abiria wanacheka, hakuna wa kumgusa. Gari likaondoka. Nilikaa kwenye vumbi karibu naye, nikamwambia waziwazi kwamba naogopa kamba.

Hapo utani ukamtoka usoni. Nilimwona kwa mara ya kwanza uso wake wa kawaida, wa mama mtu mzima aliyechoka. Akasema, hamfungi wafiwa huko kwenu? Sasa mnawashikaje?

Jeannine, kamba ni ya mtu ambaye msiba unaweza kumpeleka. Anayeweza kukimbilia porini, au kujitupa bwawani, kwa sababu amempenda marehemu kupita kiasi. Jirani wa kawaida hafungwi. Wanakufunga kiunoni, na mtu anashika ncha ya pili, anakufuata kila uendapo mpaka mazishi yaishe. Walipokuwa wakinitazama na kupima, walikuwa wanapima kiuno changu.

Nikarudi. Wakanifunga pamoja na watoto wake, na ncha ya kamba yangu akashika Mama Apoka mwenyewe. Mwanzoni niliona haya, mwalimu mzima nafungwa kama mbuzi. Kisha marimba ikapiga, nikamtazama yule mzee kwenye kiti, na kilichonijia hakikuwa yeye. Alikuwa baba yangu. Unakumbuka alipokufa Bukavu? Nilipokea simu kwenye maegesho, nikaweka simu mfukoni, nikaendelea kuelekeza magari mpaka zamu ikaisha, maana ningetoka ningefukuzwa. Miaka saba. Sikuwahi kumlilia. Basi siku ile ikanitoka yote kwa pamoja. Watu wanasema nilipiga kelele na kukimbia kuelekea bwawani, mimi sikumbuki. Nakumbuka kamba imenivuta kiunoni, nimeanguka magoti, na sauti nyuma yangu: "Mtumwa, unaenda wapi?"

Ni maneno yaleyale ya kila asubuhi, nami niliyashukuru.

Jioni, nimetulia, akaniuliza kuhusu wewe. Nilimsimulia duka, na robot ya pili, na hatua kumi. Akafikiri, akauliza: na yeye mkeo, nani anamshika?

Sikulazimishi Januari. Ukisema nirudi, ninarudi.

Mume wako,
Gaston


Joubert Park
Jumapili, 16 Novemba 2025

Papa Héri,

Barua yako niliisoma Jumamosi iliyopita hapa internet, nikalia mbele ya watu, mwenye duka akaniletea tishu. Nikalipia kurasa zichapwe. Nyumbani nikamwita Héritière akae, nikamsomea yote kwa Kiswahili, pole pole, na ile sehemu ya dukani pia. Nilimwambia kwamba sijawahi kumkasirikia kwa jibu lile hata dakika moja. Aliuliza tu, kwa Kiingereza, kama kamba inaumiza. Nikamwambia Papa hakuandika hivyo. Akaenda kulala na Kidawa.

Wiki nzima aliendelea kutangulia hatua kumi. Jana asubuhi tulikuwa tunatoka kwenda kwa Chloé kuziangalia mashine. Niko mlangoni natafuta funguo, nahisi kitu kiunoni. Mtoto ameichukua mètre yangu ya kupimia nguo, ile ya njano, anaizungusha juu ya kitenge changu. Akafunga fundo. Ncha ya pili akajizungushia mkononi.

Nikasema, Héri, tunakwenda nje. Akasema anajua.

Tumetembea hivyo kutoka hapa mpaka kwenye teksi, Gaston. Mbele ya watu wote wa bustani, wapiga picha, wauza mahindi. Hakutangulia, alikuja nyuma yangu hatua moja. Mama mmoja wa meza ya peremende, pale mlangoni pa teksi, akacheka akamuuliza kwa Kizulu, huyo unayemfunga kama mbuzi ni nani wako? Nilitaka kumjibia mimi, niseme namshonea sare tu.

Akamjibu kwa Kizulu: mama yangu. Kisha, yule mama hata hajauliza tena, akarudia kwa Kiswahili, kwa sauti, teksi nzima ikasikia: "Ni mama yangu huyu."

Mashine moja nimemwachia Chloé. Nyingine itakuja na sisi, tafuta mtu wa kuipokea Kumasi, ni nzito. Shule nitaijibu kesho. Mwambie Mama Apoka kwamba mke wa mtumwa wake anakuja Januari, na Kidawa ananifundisha matusi ya kumjibu, tumefika mbali.

Bado naogopa, nisikufiche. Tulipofika kwa Chloé nilitaka kuifungua ile mètre ili nipime meza ya mashine. Héritière akashika fundo, akaniuliza kama amelikaza sana.

Nikamwambia hapana, liache hivyo hivyo.

Jeannine